Sauti ya Mtawala, Sehemu ya Pili

Kaka yangu wanamwita Kasuku, na jina limemkaa. Kazi yake ni kutafsiri filamu. Anakaa kwenye stuli kando ya skrini, anapunguza sauti ya filamu, anashika kipaza sauti, na kuanzia hapo kila aliyemo ndani anaongea Kiswahili: askari, bibi kizee, mtoto, hata mbwa. Mimi nasimama mlangoni, nakata tiketi na kuwafukuza wanaojipenyeza. Filamu zenyewe sizipendi. Watu wazima na akili zao kuwalilia watu ambao hawapo, mimi naona ni uvivu tu.

Ila ile ya mji usio na milango niliitazama mpaka mwisho, tena nimesimama. Mtawala amepiga marufuku milango ili lolote afanyalo mtu lionekane. Watu wanakula wazi, wanalala wazi. Binti mmoja wa miaka kumi na sita anaokota mbao kwa siri, anatengeneza mlango, anaufunga, anakaa ndani. Basi, ni hivyo tu. Mji mzima unatetemeka kwa sababu ya binti aliyejifungia chumbani.

Kosa la kaka lilikuwa kwa mtawala. Alimpa sauti ya Afisa wa mtaa wetu. Hakumtaja mtu, lakini kila mtawala alipofungua mdomo ilitoka ile sauti ya puani, ya kuvuta maneno kama mtu anayenyonya mfupa, na "taratibu ni taratibu" kila baada ya sentensi mbili. Fundi viatu, jirani yetu, alicheka hadi akaanguka na benchi. Watu walirudi wiki nzima. Nami nilicheka, nisijifanye mtakatifu hapa.

Tulisahau tunamcheka nani. Afisa huyo ndiye aliyemwita kinyozi ofisini "kwa mazungumzo kidogo". Huu ni mwezi wa nne hajarudi. Kiti cha kinyozi kimefunikwa shuka, na mkewe ukimuuliza anakuangalia tu.

Sehemu ya pili ilipofika, mtaa mzima ulikuwa na swali moja: je, itaifikia ya kwanza? Wengine waliapa kwamba sehemu za pili huwa ni maji baridi, wengine wakawaambia wangoje waone. Kaka alijifungia ukumbini akaitazama mara tatu peke yake, kama kawaida yake kabla ya kuitafsiri. Nikampelekea chai.

"Vipi, inaifikia?"

"Imeipita, mdogo wangu. Ila haichekeshi." Alikuwa na jasho juu ya mdomo. "Ile ya kwanza mtawala anafoka. Humu hafoki hata mara moja. Anaongea polepole, anamkaribisha binti akae. Inatisha, nakwambia."

"Na sauti utampa ya nani?"

Alijua ninachouliza. Asubuhi ile mlinzi wa ofisi alikuwa amekuja kutuarifu kwamba Afisa ataitazama sehemu ya pili, atengewe kiti cha mbele.

"Watu wanakuja kwa ajili ya sauti ile," akasema. "Nikiibadilisha watasema nimeogopa."

"Kwani hujaogopa?"

"Nimeogopa."

"Basi ogopa kwa sauti nyingine. Ukitumia ile, kesho ukumbi una kufuli na wewe sijui utakuwa wapi. Mimi sina kaka wa akiba."

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Afisa alikuja na wanaume wawili, wakasimama ukutani. Benchi la nyuma yake lilibaki tupu japo watu walibanana pembeni.

"Nasikia kaka yako ana kipaji," aliniambia mlangoni.

"Anajaribu tu, mheshimiwa."

"Tutaona."

Filamu ikaanza. Kaka aliwatafsiri wote vizuri, binti, mama yake, wale vijana waliojenga milango yao. Kisha mtawala akatokea. Nikashika pazia la mlango kwa mikono miwili. Mtawala akafungua mdomo, na kaka akaweka kipaza sauti mapajani. Mtawala akaongea lugha yake mwenyewe, polepole, mpaka akamaliza. Binti alipojibu, kaka akakiinua tena akamtafsiri. Ikawa hivyo kila mara. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, kaka ana akili, nani atamfunga mtu kwa neno ambalo hakulisema? Tulikuwa wajinga wote wawili.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko sauti yoyote. Kila midomo ya mtawala ilipocheza, watu walikuwa wanamjazia maneno kichwani, na wote walikuwa wanatumia sauti moja. Ungeona mabega yanavyotikisika. Fundi viatu aliuma kofia yake. Mtawala akainama mezani, akafungua mdomo, na Afisa uvumilivu ukamwishia.

"Mbona hutafsiri?" akafoka kutoka kitini. "Nani kakwambia unyamaze? Endelea! Taratibu ni taratibu!"

Sauti yake iliangukia midomoni mwa mtawala sawasawa, neno kwa neno.

Ukumbi ulipasuka. Watu walilia kwa kucheka, mabenchi yalipinduka. Kasuku hajawahi kuchekesha watu namna ile maisha yake yote, na siku hiyo hakuwa amesema kitu. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia shingo ya Afisa. Hakugeuka. Alingoja kicheko kiishe chenyewe, kikaisha kuanzia mabenchi ya mbele kwenda nyuma. Ndipo akasema, sasa kwa upole kabisa:

"Jumatatu uje ofisini. Kipaza sauti uje nacho."

Hakuna aliyethubutu kuondoka kabla ya filamu kwisha. Wakati wa kutoka fundi viatu aliniinamia. "Ya pili imeifunika ya kwanza," akanong'ona, akaenda zake haraka bila kumwangalia kaka.

Jumatatu nilikaa kwenye ngazi za ofisi tangu saa mbili asubuhi. Nilijiandaa kupiga mayowe. Saa tisa alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Nikampapasa mikono, uso, mgongo.

"Wamekufanya nini?"

"Wamenipa chai."

"Halafu?"

"Wamenipa kazi. Afisa anasema matangazo ni mengi, koo linamuuma. Akaniambia, hebu niige. Nikakataa mara mbili. Mara ya tatu nikamwiga. Hakucheka. Akasema, hiyohiyo."

Sasa gari la matangazo linapita mtaani mara tatu kwa wiki, na spika mbili juu. Kwa sauti ile ya puani linasema nani avunje kibanda chake na nani afike ofisini. Mwanzoni niliweza kujua lini ni kaka na lini ni Afisa mwenyewe. Juzi lilimwita fundi viatu, kwa mazungumzo kidogo. Watu walisimama nje wakasikiliza mpaka gari likakata kona. Fundi alivua aproni yake, akaikunja, akaenda.

Jioni nilimpakulia kaka chakula, nikamuuliza.

"Leo lile la fundi, ulikuwa wewe au yeye?"

Alitafuna kwanza, akameza.

"Nilikuwa mimi," akasema, na sauti ilimtokea puani. Mwenyewe hakusikia.