Bomba la Kwenye Karatasi

Harufu ya wino wa stensili ni kali, ina umafutamafuta ndani yake, na ukiinusa sana kichwa kinakuwa chepesi. Nilidhani nimeshaisahau. Juzi nikipangua sanduku la bati la marehemu mama, chini kabisa, chini ya kanga zake za misibani, nikakuta kaunta buku langu la kidato cha pili, ukingo mmoja umeungua. Nilipolifungua ikadondoka karatasi ya kurudufu iliyokunjwa mara nne. Nikainusa kabla ya kuisoma. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu.

Niwaambie ukweli, maana nyinyi hamnijui na hamtanicheka. Mimi nilikuwa mtoto wa aibu. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, jibu lilifika hadi mdomoni likakaa hapo. Kwa hiyo niliandika. Yote niliyoshindwa kuyasema niliyaandika kwenye lile kaunta buku, nikalificha chini ya godoro la majani.

Shule yetu ilikuwa ya kutwa, si mbali na Maganzo. Mwaka ule Mkuu wa shule, Mwalimu Masanja, alirudi kutoka semina mjini Shinyanga na habari kubwa. Tumepata shule rafiki huko Norwei. Tangu siku ile hapakuwa na somo lililobaki la Kitanzania tupu. Kwenye Kilimo tulilinganisha ng'ombe wao na wetu, na wavulana wakabisha kabisa kwamba ng'ombe mmoja anaweza kujaza ndoo za maziwa namna ile. Kwenye Sayansi Kimu tulijifunza kupika samaki wao bila kuwa na samaki. Wimbo wao tuliuimba mstarini kwa lafudhi ya Kisukuma, kwa sauti tatu, na hakuna aliyejua unahusu nini.

Na ukutani, nje ya ofisi ya Mkuu, zikatundikwa saa mbili. Chini ya moja pakaandikwa HAPA, chini ya nyingine NORWEI. Ya Norwei ilikuwa nyuma kwa saa mbili. Nilikuwa nikiingia getini saa mbili na robo, wenzangu wako ndani tangu saa moja na nusu, nikiitazama ile ya Norwei najipa moyo kwamba huko bado ni saa kumi na mbili na robo. Kule ningekuwa wa kwanza kufika.

Sababu ya kuchelewa kwangu ilikuwa maji. Baba alikwenda Geita kuchimba dhahabu, mara tunasikia yuko Katoro, mara kavuka mbele zaidi, na yeye mwenyewe haleti hata salamu. Mama akawa anauza maji. Kila alfajiri tulikwenda mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Unachimba shimo kwa mikono mpaka mabega yazame, unangoja maji yachuruzike, unayateka kwa kata, kidogo kidogo, na nyuma yako wanawake wamepanga foleni wanakutazama kisogo. Kisha unarudi na ndoo kichwani, unazipeleka kwenye mlango wa nyuma wa duka la kina Shirin, ndipo unanawa miguu na kukimbilia shule. Mama alikuwa mjamzito wa miezi saba. Nisingeweza kumwacha abebe peke yake. Na mimi naitwa Kabula, jina la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Wanawake wa foleni walilipenda sana jina hilo. "Kabula," walikuwa wakisema, "hebu ita ndugu yako huko juu."

Shirin ndiye niliyekaa naye dawati moja. Babu yake alitoka Bara Hindi, duka lao lilikuwa la nguo na vyombo. Asubuhi alinifungulia mlango wa nyuma akiwa na mswaki mdomoni, darasani akanisogezea kitabu chake, na kati ya mlango huo na dawati letu hatukuwahi kusema neno juu ya ndoo. Sikumwomba anyamaze. Alinyamaza tu.

Sheria ya shule ilikuwa fupi: ukichelewa mara kwa mara unaitiwa mzazi, na mzazi asipokuwa na sababu ya maana, jina linafutwa kwenye rejista. Nje kulikuwa na watoto wengi wanaoingoja nafasi yako. Mimi nilikuwa nimeshaonywa. Kwenye kaunta buku niliandika: "Nikichelewa tena nimekwisha. Mungu, fanya mto uwe karibu."

Ndipo zikaja karatasi zile za kurudufu. Norwei na sisi tungejibu maswali yale yale, kisha somo la Hisabati lichore grafu ya shule zote mbili. Kila mmoja alipewa karatasi mbili, moja ya rafu na moja safi. Swali la nne liliuliza maji ya nyumbani yanatoka wapi na inachukua dakika ngapi kuyaleta.

Mwalimu Masanja alipita kati ya madawati akiwa amefunga mikono mgongoni. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alituambia kwa upole, "Wanangu, hawa ni wageni. Mgeni haonyeshwi chungu kitupu. Msituaibishe."

Kwenye rafu niliandika 180. Nikaitazama. Niliona watoto weupe waliovaa sweta wakimsoma mama yangu na tumbo lake, amepiga magoti mchangani. Nikaikata ile namba kwa mstari. Kwenye karatasi safi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote: bomba, uani, dakika 2. Ile ya rafu niliikunja mara nne, na nyumbani nikaitia ndani ya kaunta buku.

Shirin alichungulia. Akanitazama, kisha akaifunika karatasi yake kwa mkono.

Grafu ilibandikwa chini ya zile saa mbili. Nguzo zetu zilikuwa fupi kama mabua baada ya mavuno: dakika mbili, dakika tano, dakika moja. Kumbe shule nzima ilikuwa na mabomba. Nguzo moja tu ilipanda peke yake hadi juu ya karatasi. Haikuwa na jina. Nilipita haraka nisiitazame.

Wiki hiyo hiyo nilichelewa. Shimo letu lilibomoka, tukaanza upya. Mwalimu Masanja aliniita ofisini, karatasi yangu ikiwa mbele yake.

"Mwenzako anayetoka Mwadui kwa miguu anawahi. Wewe una bomba uani. Unachelewa unafanya nini, Kabula?"

Siku hiyo kaunta buku lilikuwa kwenye mfuko wangu wa madaftari. Kila alfajiri ya mwezi ule ilikuwa imeandikwa mle. Ningelitoa tu na kuliweka mezani, hata bila kufungua mdomo. Mkono wangu ulifika mpaka kwenye kifungo cha mfuko, ukakaa hapo.

"Kesho njoo na mzazi."

Mama alivaa kanga safi. Sikumweleza kitu isipokuwa kwamba anaitwa. Alipiga goti mlangoni kwa shida, tumbo likimzuia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Kabula. Habari za nyumbani?"

"Mhola duhu," mama alisema, kisha akajitafsiri mwenyewe. "Nzuri tu, mwalimu. Hatuna neno."

Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Hata nyumba ikiungua, kwanza unasema nzuri tu, ndipo unaomba maji. Lakini Mwalimu Masanja hakumpa nafasi ya pili. Aliigeuza karatasi kuelekea kwa mama. "Binti yako ameandika mna bomba uani. Ni kweli?"

Mama hakujua lolote. Alinitazama. Nadhani haikuchukua zaidi ya pumzi moja. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu, kwenye kucha kumejaa mchanga wa mtoni.

"Lipo, mwalimu," mama akasema.

Mwalimu alishusha pumzi kama mtu aliyetarajia jibu jingine. "Basi ni uvivu," akasema taratibu, akavuta rejista.

Njiani tulitembea hadi tukapita mashamba ya pamba. Kisha mama akauliza, bila kunigeukia, "Hilo bomba letu, linatoa maji mengi?"

"Mengi, mama."

"Haya."

Jioni nilitupa kaunta buku kwenye mafiga, nikatoka nje nisilione likiungua.

Nikaendelea na ndoo. Siku moja Shirin alinifungulia mlango wa nyuma akiwa na sare, akasema Norwei wamejibu. Wamefurahi kusikia maji si shida kwetu, wanatuletea mipira na vitabu vya nyimbo. Ila wanauliza habari za yule mwanafunzi mmoja wa dakika mia na themanini, kama kuna njia ya kumsaidia.

"Mkuu akaniita mimi, maana karatasi ile ni yangu," alisema. "Nikamwambia ni maji yetu sisi, tunaletewa." Alianza kucheka, akashindwa. "Akasema basi, wenye duka hawahitaji msaada."

Nilimimina maji kwenye pipa lao. Nilimwambia asante, kwa sauti ndogo, sijui kama alisikia.

Kwa miaka mingi nilisema moyoni kwamba mama ndiye aliyenitoa shule. Neno moja la kweli lingetosha, na yeye alikuwa mtu mzima. Ilibidi nizae wangu, nisimame mbele ya mwalimu wao, ndipo nikaelewa kwamba mezani pale aliwekewa vitu viwili achague, shule yangu au heshima yangu, na hakupewa muda. Hakutaka mtu baki amwite mwanawe mwongo.

Lakini kaunta buku aliliopoa motoni, ingawa hakuweza kulisoma. Namba alizijua, ndizo pekee alizoambulia kwenye kisomo cha watu wazima. Kwenye rafu ile 180 imekatwa mstari, na pembeni, kwa mkaa, kuna mtu ameiandika tena.