Magoti ya Kuruta

Kwetu Kiomboi msichana haamkii akiwa wima. Anasema shikamoo huku magoti yakikunjika, na mama yangu alikuwa hakimu mkali wa jambo hilo. Ukimwamkia umesimama kama mlingoti, hakujibu. Anaendelea kupepeta mtama wake mpaka ukumbuke ulichosahau, na ukishakunja ndipo unapata marahaba yako. Nililelewa hivyo tangu sijajua kufunga kamba za viatu, kwa hiyo magoti yangu hayakuwa na haja ya kungoja amri ya kichwa. Yakimwona mtu mzima, yanakunjika.

Nilipomaliza kidato cha sita, jina langu likatoka pamoja na ya wenzangu: jeshini kwa mujibu wa sheria, kwenye kambi iliyokuwa upande wa Itigi, katikati ya vichaka. Baba mdogo alicheka mpaka akashika kiuno. Mimi ni mwembamba na nina mdomo, na yeye aliamini kwamba vitu hivyo viwili haviendi na jeshi.

"Huyu atarudi na basi lilelile lililompeleka," alisema mbele ya wageni.

Mama hakucheka. Alisema tu, "Siku ya kufunga mafunzo nitakwenda kumwona akipiga kwata." Nilipanda basi nikiwa nimeapa moyoni kwamba hiyo kwata ataiona, hata kama itabidi niitambae.

Asubuhi ya kwanza, kipara changu kipya kikipigwa na upepo wa baridi, nilikutana na afande wa kombania yetu karibu na mabomba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kifua cha kubebea sauti. Nikasema, "Shikamoo afande," na magoti yakafanya kazi yake.

"Kuruta!" Wote waliokuwa wakinawa waliacha. "Unaniinamia mimi kama nani? Nimekuja kwenu kuleta posa?"

"Hapana, afande."

"Hapa hakuna shikamoo. Hapa ni 'jambo afande', mguu sawa, kidevu juu! Ruka kichura mpaka jikoni."

Nikaruka. Kosa langu lilikuwa kukunja magoti, na adhabu yake ikawa kukunja magoti. Nililiona hilo vizuri sana, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifunga mdomo.

Mdomo haukunisumbua. Baada ya siku chache "jambo afande" ilikuwa inatoka yenyewe hata nikiwa nimelala, wenzangu wananiambia. Magoti ndiyo yaligoma. Kwenye mchakamchaka nilikuwa sibaki nyuma, kwenye shamba la alizeti la kambi nilikuwa nakata mistari yangu na kumsaidia jirani. Lakini tukiwa tumepanga mstari, mkuu wa kambi, mtu mwenye mvi zake, akapita mbele yetu, mwili wangu ulishuka kidogo. Kidogo tu, lakini kwata haina kidogo. Mstari mzima ulionekana umeng'oka jino.

Siku moja afande aliniita pembeni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha.

"Sikia, kuruta. Unajitahidi, nakuona. Ila siku ya kufunga nataka ukuta, sitaki pazia. Ukikunja tena mbele ya mkubwa, nakutoa kwenye gwaride. Utashinda jikoni unamenya viazi, na mama yako atakuja akukute kwenye moshi."

Nilikwenda nyuma ya hanga, yaani bweni letu, nikalia kwa hasira. Nilikasirikia magoti yangu, na kwa mara ya kwanza nilimkasirikia mama, aliyeyafundisha vizuri kupita kiasi. Nilimwona kichwani akishuka kwenye basi na kitenge chake cha kanisani, akiniulizia, akionyeshwa sufuria. Halafu namwona baba mdogo akishika kiuno. Nikafuta uso. Nikasema hapana, sitamenya kiazi.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa kitanda cha juu. Alikuwa binti wa familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa Singida mjini, mcheshi, na huko mabombani kila mtu alikuwa amesikia kesi yangu. Alileta bua kavu la alizeti kutoka shambani, akalivunja vipande viwili vya urefu wa mkono, akavifunga nyuma ya magoti yangu kwa vitambaa.

"Ukikunja, linavunjika. Likivunjika, tunaanza upya," alisema. Kisha akajitanda shuka kichwani, akainama kiuno, akaja kwangu akikohoa kama ajuza. "Mjukuu wangu, hujambo?"

Kacha! Mabua yote mawili yakavunjika.

"Wewe! Yaani mpaka mimi? Mimi nimekuzidi hata miezi?" aliuliza kutoka ndani ya shuka.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini jioni iliyofuata tulirudi, na iliyofuata, kila tulipopata nafasi kati ya chakula na kuhesabiwa. Alikuja kama bibi, akaja kama padri, akaja kama mwalimu mkuu wangu wa shule ya msingi, ambaye mwendo wake nilikuwa nimemsimulia mwenzangu, nikajuta. Nyuma ya magoti nilikuwa na mikwaruzo kama nimepita kwenye miiba. Shamba lile lilikuwa na mabua mengi, nami nilikuwa na kichwa kigumu. Siku ambayo "padri" alinisalimia, akanizunguka, akanisalimia tena, na mabua yakabaki mazima, tulikumbatiana kama tumepasi mtihani wa taifa.

Nilipangwa mstari wa mbele. Afande aliponipita alfajiri ya siku ya kufunga, alinigusa goti kwa fimbo yake na kusema, "Hili nalitazama."

Jua lilikuwa kali bila joto, kama linavyokuwa kwetu miezi ile. Wazazi walikaa nyuma ya kamba, nami sikuruhusiwa kugeuza macho kumtafuta wangu. Mgeni rasmi akaanza kukagua gwaride. Alikuwa mzee hasa, anayetembea kwa uangalifu, mwenye uso wa babu wa mtu. Akapita mmoja, akapita wa pili, akafika kwangu, akasimama.

"Hujambo, binti?"

Ah, sauti ile! Ilikuwa ya kuamkiwa. Nilihisi magoti yakilegea kwa ndani, mahali ambapo hakuna anayeona, na nikayabana kwa kila nilichokuwa nacho.

"Sijambo, afande!"

Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaenda zake. Nyuma yake afande wangu alinitazama goti, kisha usoni, na nadhani alitabasamu, ingawa sitaapa. Tulipopita mbele ya jukwaa kwa mwendo wa haraka nilipiga mguu chini kwa furaha tupu. Nilikuwa nimeshinda, na mama alikuwa ameona.

Tulipoambiwa tutawanyike nikakimbia. Nilimkuta pembeni ya uwanja katikati ya wazazi wengine, kitenge cha kanisani kimejaa vumbi la safari, na baba mdogo ubavuni mwake akiwa ameshika kofia. Nilikuwa nimepanga kila kitu tangu hangani. Ningepiga magoti yote mawili chini, palepale mavumbini, nimpe mama shikamoo ya miezi yote ambayo hakuwa ameipata.

Nikafika mbele yake. Visigino vikagongana. Kidevu kikapanda, mikono ikabana ubavuni, na sauti ya kambini ikanitoka yote.

"Jambo, mama!"

Watu waliangua kicheko. Baba mdogo alicheka kuliko wote. Mimi nilisimama mguu sawa kama gogo, nayaambia magoti yakunjike, na yenyewe yamegoma tena, safari hii upande wa pili. Niliona aibu ambayo sikuiona hata siku ya kichura. Nimekwenda kujifunza nidhamu, nimemrudishia mama mtoto asiyejua kuamkia, na mbele ya watu.

Mama hakucheka. Alinitazama polepole, kuanzia buti hadi kipara. Nilimjua. Nikajiandaa kungoja, maana mama yangu hakuwahi kujibu salamu ya mtu aliyesimama.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na uwanja mzima.