Pumzi Ishirini na Nne

Miaka ya elfu mbili ikielekea mwisho, nilikuwa muuguzi wa wodi ya watoto mjini Kitale, na nilikuwa nimeapa kupata shahada ya udaktari wa uuguzi. Si ile ya nadharia. Ni ile inayomtaka muuguzi atafute kasoro moja kazini kwake na kuirekebisha. Nilisoma kwa masafa, nikituma kazi zangu kwenye saiba moja ya intaneti iliyopotelewa na umeme kila mara.

Kasoro yangu niliijua mapema. Mtoto mwenye nimonia huhesabiwa pumzi dakika nzima, kifua kikiwa wazi, saa mkononi. Sisi dakika hiyo hatukuitoa. Watoto wote waliandikiwa pumzi ishirini na nne, kana kwamba hawaumwi, hata yule anayetweta mpaka mbavu zinaonekana. Niliwagombeza wenzangu bila huruma.

"Si ungoje kwanza uitwe daktari, ndio utugombeze," mmoja akaniambia.

Mwalimu wangu alitaka nilinganishe na hospitali nyingine. Nikaenda Bungoma, kwenye hospitali ndogo niliyoanzia kazi nikiwa nimetoka tu chuoni. Karani wa rekodi alinishushia mafaili ya zamani, nikayasoma nikizicheka ishirini na nne zilezile, kisha nikakasirika. Mtoto wa mwaka mmoja, nimonia: asubuhi ishirini na nne, adhuhuri ishirini na nne, alasiri amefariki.

"Huyu muuguzi alistahili kufutwa kazi," nikasema.

Nikatafuta sahihi. Ilikuwa yangu.

Sikumkumbuka mtoto huyo hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Karani aliitazama sahihi, akanitazama mimi.

"Hiyo rudisha tu kwa kabati, bana. Nani atajua? Ati uharibu masomo yako juu ya kitu ya kitambo?"

Niliogopa kweli. Shahada ingeweza kuniponyoka, na labda kazi pia. Hata hivyo nilitoa nakala, nikafunika jina la mtoto, nikarudi nayo Kitale.

Siku ya kuwaonyesha wauguzi matokeo, nilianza na chati hiyo. Mkuu wa wodi akaguna. "Na huyu sista alifanywa nini?"

"Hakufanywa kitu," nikajibu. "Ni mimi."

Hakuna aliyenipa pole, na sikuitaka. Lakini juma lile niliwaona wakiinama juu ya vitanda, saa mkononi, midomo ikihesabu. Mwalimu alinipitisha, na shahada nikaipata.

Kwenye faili kulikuwa na jina la mama yake mtoto na kwao, Ndalu. Si mbali na Kitale. Ningeenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nimewasimulia habari za chati ile wauguzi wengi, hata nisiowajua. Mama huyo bado sijamwambia.