Mlango wa Ndani

Ukitaka kuijua nyumba, ipige deki. Konventi ile ya masista, pale Likasi, niliipiga deki miaka kumi na moja, kwa hiyo naijua kuliko padri yeyote aliyewahi kuibariki. Kuta zake zilikuwa nene kiasi kwamba hata mwezi wa Oktoba, jua linapochemsha ubongo, ukiingia ndani ulitamani kujifunika kitenge. Matofali yalifyatuliwa kwa udongo wa kichuguu kikubwa kilichosimama pale pale. Kichuguu kikachimbwa chote, kikawa konventi na kanisa. Baba yangu, kijana wakati huo, alikuwa mmoja wa wafyatuaji. Alipenda kunionyesha matao ya barza, kibaraza cha mbele, na kusema, "Ile ni mikono yangu." Lakini siku nyumba ilipobarikiwa alibaki nje, maana ndani palikuwa clôture, mahali pa masista peke yao.

Mpaka wa clôture ulikuwa mlango mmoja, mwisho wa barza. Nyuma yake kulikuwa na vyumba kumi na viwili, kila kimoja na dirisha lililowekwa juu sana, usione kitu ila mbingu. Ujia mfupi ulikwenda mpaka kanisani, ambako masista walisali nyuma ya kimiani cha mbao. Mimi niliruhusiwa kupita kwa sababu ya ndoo yangu. Sakafu ya saruji nyekundu niliipaka nta mpaka ikang'aa.

Mji ulipoporwa, masista waliondoka. Mkuu wao, tuliyemwita mamère, aliniachia ufunguo. "Weye njo utachunga nyumba," alisema, basi. Kwamba clôture isiingiwe na mtu, hilo nililiongeza mwenyewe. Nilivimba kichwa, sitaficha. Binti wa mfyatua matofali, ufunguo shingoni!

Kisha ikaja ile aibu yetu. Watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makazini na majumbani, wakajazana stesheni kungoja treni ya kuwapeleka eti kwao. Rafiki yangu alizaliwa mtaa wa Shituru, hapa hapa mjini, kama mimi, na komunyo ya kwanza tuliipokea siku moja, katika kanisa hilo hilo. Kasai hakuijua hata kwa picha. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu nilimzidi mwaka mmoja. Alikuja alasiri, mawingu yameshuka, amemshika mkono mama yake aliyekuwa akikohoa.

"Yaya, fungulia mama tu," aliniambia. "Minye nitalala ku barza. Mvua inakuya."

"Hapana. Weye unajua, mule ni clôture. Muntu haingiake."

"Lakini bamasoeur habako tena!"

"Ata vile."

Ata vile! Mpaka leo maneno hayo yananichoma. Vyumba kumi na viwili vikavu, vitanda vimo, sista hata mmoja hayumo, nami nalinda utulivu wa nani? Wa mende. Niliwatandikia mkeka barzani nikajiona mwema. Kila asubuhi niliwapelekea uji. Upepo uliipeperusha mvua chini ya matao mazuri ya baba yangu, ikawafikia mpaka ukutani. Walikaa hapo siku tisa. Rafiki yangu hakunisuta hata mara moja, na mama yake, kila nilipomwekea kikombe mkononi, aliniombea baraka. Nilizipokea zote.

Siku treni ilipopatikana, rafiki yangu alikunja mkeka, akaomba ndoo na tambara, akapiga deki barza nzima kabla ya kuondoka. Nilimwambia aache. Hakuacha.

Habari ililetwa na mtu aliyesafiri nao. Mama hakufika. Alifia njiani, akazikwa kando ya reli. Sijui kama kitanda kikavu kingemwokoa. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nacho na sikumpa.

Na nyumba yenyewe? Mishahara ya viwandani ilipogeuka hadithi, watu walikuja mchana kweupe wakang'oa mabati, wakabeba vitanda, wakavunja kimiani wakafanya kuni. Mlango wa ndani ulichukuliwa na wanaume wawili. Mmoja wao alinisalimia kwa heshima, mimi nimesimama na ufunguo wangu shingoni kama mwendawazimu. Miaka yangu yote ya nta ikanyeshewa.

Mamère alirudi mara moja tu, mwishoni mwa miaka ile, amezeeka, anatembea kwa fimbo. Tulisimama barzani. Alitazama vyumba visivyo na paa wala hakulalamika, nami nikaanza kueleza habari za mabati. Akanikatiza, akanishika mkono.

"Wakati ile bantu balikuwa ku gare banangoya treni, nilishindwa kulala," alisema. "Kisha nikakumbuka, funguo iko na weye, utabafungulia. Njo nilipata usingizi."

Nilitazama chini, pale palipokuwa na mkeka.

"Ndiyo, mamère," nikasema.

Akanishukuru. Amekwisha kufa sasa, na alikufa akiamini hivyo.