Mama Funguo na Mlango wa Makufuli Matatu

Alizaliwa mwaka 1949, mtoto wa tatu wa fundi kufuli na mke wake mfua nguo, katika chumba kimoja nyuma ya karakana. Jina alilobatizwa utalikuta kwenye daftari la parokia tu, maana mtaa mzima ulimwita Mama Funguo. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume wa kumrithisha kazi, basi akamkalisha binti huyu mbele ya jiliwa la kubania chuma na tupa alipokuwa na miaka saba. Alipotimiza kumi na miwili alikuwa akiliweka kufuli sikioni, analitikisa, na kusema lina ugonjwa gani. Mzee huyo, ambaye hakuwa mtu wa kusifu ovyo, aliwaambia wateja kwamba mwanawe angeweza kufungua hata mkono wa bahili.

Hakuitwa na sauti wala hakuona nuru. Aliitwa na mlango. Mume wake alipoanguka kwa maradhi ya moyo, hapakuwa na machela mtaa mzima, na vichochoro ni vyembamba, gari haliingii. Mama Funguo aling'oa mlango wa nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe, majirani wanne wakambeba mgonjwa juu yake hadi barabarani. Mume alikufa kabla ya kufika hospitali. Mjane huyo wa miaka thelathini na minne aliurudisha mlango kwenye bawaba zake, akaapa mbele ya Mungu kwamba hapo mtaani hatabebwa tena mtu juu ya mlango.

Alijiunga na chama cha wajane wa parokia, kilichohudumia wagonjwa, na baada ya miaka mitatu akawa mwenyekiti. Hawakuwa peke yao katika kazi hiyo. Kulikuwa na umoja wa wenye ulemavu, ulioongozwa na Fundi Cherehani, mshonaji aliyetembea kwa magongo na mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake. Kulikuwa pia na kikundi cha huduma ya kwanza cha Bi Muuguzi, mama wa Kiislamu aliyestaafu hospitali. Wote waliwapenda wagonjwa, lakini wao kwa wao hawakupendana hata kidogo. Mzee mmoja aliyekaa kando ya barabara alitembelewa mara tatu kila Jumamosi, akawa na mablanketi ya kugawa, na huku nyuma vichochoroni watu walilala siku nne bila kujuliwa hali.

Mama Funguo alikwenda kwao mmoja mmoja, akasemwa, akarudi, mpaka wakakubali kuweka vifaa vyao katika chumba kimoja kando ya soko: machela, viti viwili vya magurudumu, magongo na masanduku ya dawa. Kila chama kilipaka jina lake kwenye machela hiyo, hata ikabaki nafasi ndogo tu ya mgonjwa. Ndipo likaja swali la nani ashike ufunguo. Hapa hatutaficha kosa lake, maana yeye mwenyewe hakulificha. Ni yeye aliyetoa shauri la makufuli matatu kwenye komeo moja, kila chama na lake, mlango usifunguke mpaka watatu wote wawepo. Walimpigia makofi. Aliyachagua makufuli mwenyewe, akayafunga mwenyewe, na akaona fahari.

Jumapili ya tatu ya Kwaresima mwaka 1989, adhuhuri, mke wa mwashi mmoja aliyeishi karibu na chumba hicho alianza kutokwa na damu kwa uchungu wa uzazi. Mwashi alikimbilia machela. Bi Muuguzi alifika na ufunguo wake, na Fundi Cherehani akafika na wake, akihema juu ya magongo. Mama Funguo alikuwa kwenye mafungo katika parokia ya jirani, ufunguo wa tatu ukining'inia shingoni mwake. Waliligonga kufuli lake kwa jiwe, lisivunjike, kwa maana aliyelichagua aliijua kazi yake. Mwishowe mama yule alibebwa juu ya mlango. Alikufa barabarani, na mtoto wake pamoja naye.

Jioni ile ile Mama Funguo alikwenda kupiga magoti kwa mwashi kuomba msamaha. Mwashi hakumtukana. Alisema, "Mlifunga kwa ajili ya mwizi. Mwizi hakuja. Nilikuja mimi." Kisha akaingia ndani.

Alilia usiku na mchana, na kwa siku kadhaa hakushika tupa. Siku ya nane aliyatoa makufuli yote kwenye komeo, akapitisha mnyororo mlangoni, akaziunganisha ncha zake kwa makufuli yale yale matatu, la kwanza likishika la pili, la pili likishika la tatu. Ukifungua lolote kati ya hayo, mnyororo wote unaachia. Akawaambia wenzake kanuni mpya: anayesikia kwanza ndiye anayekwenda, wengine wataambiwa baadaye, Jumatatu, wote watatu wakikaa pamoja. Na ile machela akaipaka rangi nyeupe juu ya majina yote.

Fundi Cherehani akauliza, je, mmoja akija peke yake akaiba?

"Mwizi wa machela ana mgonjwa nyumbani," alijibu. "Tutamfuata tumsaidie kubeba."

Wajane wake hawakucheka. Walisema amegawa mali ya parokia kwa watu wa nje, wakamvua uenyekiti. Aliupokea uamuzi huo bila kununa, akaendelea kufagia chumba kile. Mwaka wa mafuriko, watu sitini walitolewa bondeni kabla ya maji kufika dirishani, kwa kuwa wa kwanza kusikia hakumngoja mtu. Wajane wale wale wakamrudishia kiti. Waumini wanasimulia kwamba machela ile haikuibwa hata mara moja, na wanauita muujiza. Mimi nasema muujiza ni kwamba watu wale watatu walikutana kila Jumatatu kwa miaka kumi na minne, na Fundi Cherehani akiwemo.

Jambo moja tu halikumkubalia. Kila Kwaresima alikwenda kwa mwashi, akamwambia, "Nafasi yako kwenye mnyororo ipo." Kila Kwaresima mlango ulifungwa.

Mwaka 2003 alianguka nyumbani kwake. Mwosha huoshwa: machela ilimjia yeye. Njiani alifumbua macho, akauliza nani amefungua. Wakamwambia ni Bi Muuguzi, peke yake. "Basi sikuhitajika," alisema, akatabasamu, na hayo yakawa maneno yake ya mwisho.

Kama ni mtakatifu, Kanisa litasema litakaposema. Sisi hatutangulii hukumu yake. Lakini anayetaka kumfuata asianze na mshumaa. Amtafute jirani anayefanya kazi njema ile ile, yule asiyeelewana naye, ampe ufunguo, kisha aende zake kwa amani.

Jumatatu baada ya maziko, mwashi alisimama mlangoni pa mkutano na kufuli jipya mkononi. Alisema, "Nionyesheni linapoingia." Fundi Cherehani alijiinua juu ya magongo yake, akamwonyesha. Leo makufuli ni manane kwenye mnyororo ule. Linalofunguliwa mara nyingi zaidi ni la mwashi, kwa sababu anaishi karibu, na kwa sababu hukimbia.