Aliyeligusa Jiwe

Nisimung'unye maneno: nilikwenda kwenye mashindano yale madogo ya Maskati na wivu wangu. Timu yetu ilikuwa karibu kusafiri kwenda kwenye mashindano makubwa ya nje, na haya ya Maskati yalikuwa ya kujipima tu. Lakini mwenzetu mmoja alikuwa mji wa Sur harusini, angerudi kabla ya safari tukawa watano, na timu ni ya watu wanne. Kwa hiyo mmoja wetu angebaki nyumbani Ibra: ama mimi, ama dada wa kazi wa nyumbani kwangu.

Naam, dada wa kazi, mtu wa Tanga. Tulikuwa tukimchukua mazoezini amsukume mama yangu kwenye kiti chake cha magurudumu. Siku moja akashika ufagio wa mchezo wetu kwa mzaha, basi tena! Nahodha wetu, mtoto wa dada yangu, akanambia, "Mama mdogo, huyu anatushinda sote." Mimi niliyeanza miaka miwili kabla yake nikanuna wiki nzima.

Mchezo wenyewe ni huu. Jiwe zito kama gunia dogo la mchele linasukumwa juu ya barafu, liende lisimame ndani ya duara mwisho wa njia. Wawili wanakwenda mbele yake wakifagia mbiombio, ili liteleze mbali na lisipinde. Ufagio ukiligusa njiani, jiwe linatolewa. Na hapa ndipo ninaposhangaa mpaka leo: aliyegusa anasema mwenyewe. Hangojwi mwamuzi.

Mama, kajifunika shali mbili, alikodoa macho tangu tulipoingia uwanjani Maskati. "Subhana llah! Barafu Unguja tukinunua kipande, leo watu wanaikanyaga?"

Mechi ilifika jiwe la mwisho. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, na jiwe hilo lingeingia katikati ya duara tungepata mbili, tukashinda. Nahodha akalisukuma. Mimi na dada wa kazi tukainama, huyu kulia, huyu kushoto.

Wallahi sijapata kuona kitu kikienda vile. Jiwe zima la mlima, likiteleza polepole, likinguruma chini chini, na njia yake imenyooka kabisa. Yarabi, nilisahau baridi, nikasahau magoti yangu ya miaka hamsini. Nilitaka lisisimame kabisa.

Mara kiganjani nikasikia tik. Ufagio wangu.

Nilijua. Nikanyamaza. Nikajiambia labda sivyo, nani kaona, nikazidi kufagia.

"Nimeligusa mimi!" Dada wa kazi kasimama, ufagio kaunyanyua juu.

Jiwe likasimamishwa, likatolewa. Tumeshindwa. Wapinzani wakaja kumpa mkono, wakimsifu kwa uungwana wake. Nami nimeganda, maana ufagio wake ulikuwa mbali na lile jiwe, shibiri mbili nzima. Alinitupia jicho mara moja tu, vile anavyonitazama jikoni kitu kikianguka.

"Muongo huyu!" nikapiga kelele. "Hajaligusa! Mimi ndiye niliyeligusa!"

Uwanja wote ukageuka. Sauti ilinitoka kali, kana kwamba namgombeza yeye. Haya ilinishika, sikujua pa kuuweka uso wangu.

Nahodha akanishika bega. "Ahsante kwa kusema, mama mdogo. Lakini atakayesafiri ni yeye."

"Ndiyo," nikasema. Nilitamani kulia, lakini sikuweza kubisha.

Njiani kurudi nilikuwa naendesha mimi, mama kakaa mbele, dada wa kazi nyuma. Tukaipita njia panda ya kwenda Samad. Nilikuwa nikimtazama kwenye kioo. Nilimstaajabia mtu huyu, miaka minne tunakaa nyumba moja na simjui.

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Nimezoea, dada," akajibu taratibu, bila ya kinyongo.

Nimezoea. Nikakikumbuka kikombe cha mama cha maua, kilichotoka Unguja, kilichokutwa vipande vipande mwaka jana. Yeye alisema "ni mimi", nami nikamsema siku mbili mfululizo, mpaka mbele ya wageni.

"Na kile kikombe cha mama?"

Aligeukia dirishani kutazama mitende.

Mama ndiye aliyejibu, anatazama barabara.

"Nilikivunja mimi, mwanangu. Nikauogopa mdomo wako."