Mgeni Aliyesubiri Sebuleni

Kigali, Juni 1991. Miaka kumi na tisa tangu nikimbie Bujumbura, sita ya kwanza niliishi Uswidi.

Leo nimekula huku mgeni akisubiri sebuleni, na wala sioni haya.

Mgeni ni Nils, jirani yetu wa zamani kule Uppsala. Zuhura wangu, akiwa na miaka saba, alikuwa akicheza na binti yake. Chakula kikiiva, wao walikaa mezani. Mwanangu aliachwa chumbani na midoli, akisikiliza vijiko.

Kwao ni desturi: mtoto wa mwenzio atakula nyumbani kwake.

Leo Nils, aliyekuja huku kikazi, kapiga hodi kwangu mtaani Rwezamenyo tukipakua isombe, kisamvu chetu.

"Subiri hapo," nikamwambia. "Sisi tunakula."

Mke wangu akaninong'oneza, "Mzee, una wazimu? Mgeni iko na njaa!"

Nikatafuna polepole, nikingoja aumie.

Nils akafungua gazeti. Katulia kabisa!

Tulipomaliza akasema, "Asante. Kila nyumba hapa wananilazimisha kula. Wewe peke yako umeniheshimu."

Jamani! Hasira ya miaka yote ile, halafu nimemfurahisha?

Zuhura, sasa mtu mzima, akanikonyeza, akamletea Nils sinia.

"Kula, mzee. Kwetu ukikataa, umetutukana."

Akala. Akaongezwa. Akalegeza mkanda. Akaongezwa tena.

(Niambieni, tulizidisha?)

Mlangoni, akihema, akatualika Uppsala. Kile chumba cha midoli bado kipo, akasema, Zuhura atalala humo.

Nikamshika mkono kwa adabu zote.

Uswidi sirudi.